Unauguza mgonjwa wa saratani nyumbani? Fanya haya pembeni ya kemo na mionzi, hatua kwa hatua

Mkishaambiwa mtu wenu ana saratani akili yote inakimbilia kwenye tiba, kemo (zile dawa kali za kuua saratani) lini, mionzi lini, upasuaji upo au haupo, hela itatoka wapi. Ni sawa kabisa. Lakini mgonjwa anakaa na daktari dakika chache tu, siku zote zilizobaki anakaa na wewe, na huko nyumbani ndo anakotapika, ndo anakokosa usingizi, ndo kidonda kinakoanza kutoa harufu, ndo anakolia usiku akidhani wote mmelala.

Mimi nimemuuguza mama mdogo wangu, saratani ya shingo ya kizazi, ile inayoongoza kwa wanawake hapa Tanzania, alitoka Songea akaja kutibiwa Ocean Road, ile hospitali ya saratani hapa Dar. Kitu nilichokiona kwake na kwa wakina mama wengine tuliokuwa tunakaa nao kwenye mabenchi kusubiri zamu ni kwamba wagonjwa wetu hawasemi. Anaumia usiku kucha, asubuhi daktari akiuliza unaendeleaje mama, anajibu "namshukuru Mungu". Mwingine anaogopa akisema atasimamishiwa dawa, mwingine anaona aibu, mwingine hataki kuwa mzigo kwa watoto, na wengi wanaamini maumivu ndo ugonjwa wenyewe kwahiyo unavumilia tu. Na daktari ana foleni mpaka nje. Kwahiyo kazi yako kubwa wewe unaeuguza ni kuuliza, kuandika, halafu kwenda kusema kwa niaba yake. Hatua zote hapa chini zinategemea hilo.

Hatua ya 1: Nunua daftari, na muulize kila siku

Daftari la kawaida la shule linatosha. Ukurasa wa kwanza andika aina ya saratani na hatua iliyofikia kama mmeambiwa, majina ya dawa anazopewa na tarehe za kemo, dawa nyingine anazotumia (presha, sukari, ARV, na mitishamba kama ipo), dawa zinazomdhuru, na namba ya simu ya wodi au kliniki. Hiyo namba iombe siku ya kwanza kabisa, usisubiri shida itokee saa nane usiku.

Halafu kila siku, mda ule ule, jioni ni nzuri, muulize maswali yale yale: umeumwa wapi leo, umekula nini, umetapika, umepata choo, umelala, mdomo ukoje, kuna kinachokusumbua moyoni. Usimuulize "hali yako?" maana jibu unalijua, atasema nzuri. Uliza kitu kimoja kimoja. Kwenye maumivu tumia vidole vya mkono: ngumi ni hakuna maumivu, kidole kimoja maumivu kidogo, vidole vitano ni yale makali kabisa hayavumiliki. Hata bibi ambae hajasoma anakuonyesha bila shida, na wewe unaandika tarehe, saa, sehemu, vidole vingapi.

Siku ya kliniki ukienda na kurasa za hivyo mazungumzo yanabadilika. Badala ya "anaumwaumwa" unasema "wiki hii maumivu ya kiuno yalikuwa vidole vinne kila usiku kuanzia saa sita, na hajapata choo tangu Jumatatu". Hapo daktari anajua cha kuandika.

Maswali ya kuuliza kabla tiba haijaanza: hii tiba lengo lake ni kuponya au kupunguza makali? Itachukua mda gani? Madhara gani yatakuja na yakija nifanye nini nyumbani? Nikimbie hospitali nikiona nini? Atahitaji damu? Hili la damu liulize mapema, maana ndugu mara nyingi mtaombwa kuchangia na kutafuta watu dakika za mwisho ni shida tupu.

Hatua ya 2: Hela na mahali pa kukaa

Mionzi kwa saratani ya shingo ya kizazi mara nyingi ni siku 5 kwa wiki kwa takriban wiki 5, pamoja na mionzi ya ndani (inayotolewa kwa kifaa kinachoingizwa ukeni), na wengi wanapewa na kemo mara moja kwa wiki ndani ya kipindi hicho. Mtu aliyetoka mkoani hawezi kwenda na kurudi, kwahiyo suala la atalala wapi, atakula nini na nauli ya kila siku ya bajaji litawamaliza kama hamjalipanga. Na hili ndo linafanya watu waache tiba katikati, sio uvivu. Kabla hujamsafirisha mtu uliza kwanza hospitali ya rufaa ya kanda yenu, Bugando Mwanza kuna tiba ya saratani, KCMC Moshi pia, unaweza ukakuta sehemu ya tiba inapatikana karibu zaidi na ndugu.

Ukifika hospitali, mbali na dirisha la malipo tafuta ofisi ya ustawi wa jamii. Wengi hawaijui. Afisa ustawi ndo mtu wa kumueleza kwamba hela hamna, ndo anaeshughulikia msamaha, ndo anaejua hosteli na taasisi zinazosaidia wagonjwa. Nenda na barua ya serikali ya mtaa au kijiji na vielelezo mlivyonavyo, na nenda mapema, sio siku mmeshakwama na bili. Kama mgonjwa ni mtoto, pale Muhimbili kuna Tumaini la Maisha wanaofanya kazi na wodi ya watoto wenye saratani. Wenzetu wa Nairobi wana Faraja Cancer Support Trust, wanatoa ushauri nasaha na msaada mwingine kwa wagonjwa.

Grupu la Whatsapp la ukoo litafunguliwa tu, hilo halizuiliki. Ila chagueni mtu mmoja wa kushika hela, awe anaandika kila kilichoingia na kilichotoka na kukituma kwenye grupu kila Jumamosi. Michango haivunjwi na umaskini, inavunjwa na manung'uniko. Na hela isiishie kwenye vipimo tu, tengeni ya chakula, nauli, pedi, sabuni. Mgonjwa anaelala njaa hata kemo haimpendi.

Hatua ya 3: Maumivu, na habari ya mofini

Hapa nakaa kidogo kwa sababu ndo penye mateso mengi yasiyo na sababu. Maumivu ya saratani, kwa wagonjwa walio wengi, yanatulizika. Sio lazima mtu aume meno.

Kuna ngazi ambayo Shirika la Afya Duniani waliitoa mwaka 1986: maumivu madogo anaanza na kama paracetamol, yakizidi anapandishwa, yakiwa makali anapewa mofini. Mofini inayotumika sana kwetu ni ya maji, ya kunywa, ni chungu kwelikweli, na inapimwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Watu wakisikia hilo jina wanashtuka, wanasema ndo basi anakufa, au atakuwa teja. Hapana. Mofini inatolewa kwa sababu ya ukubwa wa maumivu, sio kwa sababu kifo kimekaribia, na mgonjwa anaetumia kwa maumivu kama alivyoelekezwa hageuki kuwa teja. Kuna watu wanatumia miezi mingi wanaenda kanisani, wanapika, wanacheza na wajukuu.

Kitu cha msingi ni SAA. Maumivu ni kama moto wa makuti, ukiuwahi ukiwa mdogo unauzima kwa kopo moja, ukisubiri ushike paa hata ndoo ishirini hazitoshi. Kwahiyo hapewi akilia, anapewa saa ikifika, hata kama mda huo haumwi. Mofini ya maji kawaida ni kila baada ya saa 4: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, saa 4 usiku. Madaktari wengi hiyo ya saa 4 usiku wanaipandisha mara mbili ili saa 8 usiku mgonjwa asiamshwe, ila usijipandishie mwenyewe, fuata kilichoandikwa kwenye faili lake. Uliza pia: maumivu yakija kabla ya saa yake, naruhusiwa kumpa dozi ya ziada kiasi gani? Jibu liandike kwenye daftari, na kila ukiitoa hiyo ya ziada andika saa, maana zikiwa nyingi daktari ataona dozi ya kawaida haitoshi ataongeza.

Mambo yatakayokuja: usingizi na kichefuchefu siku za mwanzo, kwa wengi vinapungua ndani ya siku chache. Choo kigumu, hiki hakipungui. Mofini inafunga choo kila siku unayotumia, kwahiyo siku anayoandikiwa mofini aandikiwe na dawa ya kulainisha choo hapohapo, kama bisakodili. Kama hajaandikiwa mwambie daktari kabla hujatoka mlangoni. Ongezea maji, papai, na kutembea kama anaweza. Nimeona mama anakataa mofini akisema inamuumiza tumbo, kumbe ni choo cha wiki nzima.

Usiisimamishe ghafla. Usimpe mtu mwingine hata kama anaumwa jino namna gani. Fungia kabatini mbali na watoto. Na ukiona mgonjwa amelala haamki hata ukimtikisa, anapumua polepole mno, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya kalamu, hapo usimpe dozi nyingine, wahi hospitali.

Na tafadhali hizi diklofenaki za kununua duka la dawa kila siku ziacheni mpaka muulize, zinaumiza figo na tumbo, na kwa mtu wa kemo zinaweza kuleta kutoka damu.

Hatua ya 4: Kula, kutapika, mdomo

Dawa ya kuzuia kutapika inamezwa KABLA hajaanza kutapika, na inaendelea siku zilizoandikwa hata kama anajisikia vizuri. Ikigoma rudi mkaseme, ziko za aina nyingi na daktari anaweza kubadilisha.

Chakula mpe kidogo kidogo mara nyingi, usimjazie sahani ile ya kumtisha. Chakula cha uvuguvugu au cha baridi kinamkera kidogo kuliko cha moto chenye mvuke na harufu. Pika mbali na anapolala, kitunguu kikikaangwa tu na yeye anatapika. Tangawizi kwenye chai inawasaidia baadhi. Uji weka na maziwa au karanga zilizosagwa ili kile kidogo anachokunywa kiwe na nguvu. Mayai sawa, samaki, dagaa, maharage, maini sawa, ila viive kabisa, na matunda yaoshwe kwa maji safi na yamenywe, maana kinga ya mtu wa kemo ikishuka kinyesi kidogo tu kwenye kachumbari kinaweza kumlaza wodini.

Sasa kuhusu wanaosema asile wanga, asile nyama, asile sukari kabisa kwa sababu sukari inalisha saratani. Mgonjwa amepungua nguo zinamvuka halafu mnamnyima ugali? Mwacheni ale. Hatari iliyo mbele yake kwa sasa ni kukonda mpaka ashindwe kupata dozi yake. Kama ana kisukari fuateni ushauri wa mtaalamu wa lishe, basi.

Juisi ya rozela anywe kama anaipenda, ila damu ikishuka sana inaongezwa hospitali, msimcheleweshe kwa rozela. Na mitishamba, sitaki kugombana na mtu hapa, nasema tu kitu kimoja: daktari aambiwe. Kuna mimea inayochosha ini na figo, na dawa za kemo nazo zinapita hukohuko. Kama anapewa sisplatini, hiyo inajulikana kwa kusumbua figo, ndo maana wanasisitiza maji mengi. Akianza kusikia kelele masikioni au ganzi kwenye vidole, andika, sema.

Mdomo nao usisahau. Kemo inaweza kuleta vidonda mdomoni mpaka mate yenyewe yanauma kumeza. Chukua vikombe viwili vya maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu kijiko cha chai cha chumvi, nusu kijiko cha chai cha baikaboneti (ile ya kawaida ya dukani, sio bekingi pauda), asukutue ateme, kila baada ya kula na kabla ya kulala. Mswaki uwe laini. Dawa za kusukutua zenye spiriti asitumie, zinachoma. Ukiona utando mweupe ulimini hiyo ni fangasi, ina dawa yake.

Kwa Waislamu, Ramadhani itaibuka tu, maana wazee wengi wanang'ang'ania kufunga hata wakiwa kwenye kemo. Aya ya 185 ya Suratul Baqarah imeshampa mgonjwa ruhusa, na kwa mwenye ugonjwa usiotarajiwa kupona kuna fidia. Akikusikia wewe mtoto atabisha, kwahiyo mlete shekhe anaemheshimu aje amwambie mwenyewe.

Hatua ya 5: Kipimajoto, na vitu vya kukimbizana navyo

Nunua kipimajoto. Kama hela inatosha kitu kimoja tu mbali na daftari, nunua hicho. Baada ya kemo chembe nyeupe za damu zinashuka, kwa dawa nyingi kati ya siku ya 7 na ya 14, na hapo homa ya nyuzi 38 au zaidi ni dharura, hata kama amekaa anacheka. Usimpe panadol kwanza usikilizie, homa itajificha wakati maambukizi yanaendelea. Usiseme ni malaria. Nenda, na ukifika mapokezi neno la kwanza kutoka mdomoni mwako liwe "mgonjwa wangu yuko kwenye kemo na ana homa", usikae kwenye foleni ya kawaida kimyakimya, anahitaji antibaiotiki haraka.

Vingine vya kukimbizana navyo: kutoka damu isiyokata, kupumua kwa shida, uso na shingo kuvimba, kuchanganyikiwa, kutapika mpaka maji hayakai, kuharisha sana (anza kumpa ORS mkiwa njiani). Na hiki hapa watu wanakichukulia poa: mgongo unauma halafu miguu inakosa nguvu au inapata ganzi, au mkojo unagoma. Hiyo inaweza kuwa uvimbe unabana uti wa mgongo, ikicheleweshwa hatatembea tena. Ni siku hiyohiyo, sio kesho.

Andika hii orodha kwenye karatasi bandika sebuleni, ili hata yule binti wa kazi akiwa peke yake ajue.

Alafu wanaomkimbia mgonjwa muwaelimishe. Saratani haiambukizwi kwa kula sahani moja wala kulala kitanda kimoja. Mionzi ya mashine ya nje haimfanyi mgonjwa atoe mionzi, mjukuu akae mapajani kama kawaida. Cha kuangalia ni siku mbili za kwanza baada ya kemo, ukisafisha matapishi, mkojo au kinyesi vaa glavu na maji ya chooni mwaga mengi.

Hatua ya 6: Yale mambo ya aibu

Nawaomba dada na mashangazi msome hapa.

Wakati wa mionzi zile alama walizomchora zisifutwe. Aoge maji ya uvuguvugu, sabuni isiyo na manukato, asisugue, asipake kitu chochote sehemu ile bila kuuliza. Nguo za pamba pana, kanga kuukuu iliyolainika ni nzuri kuliko nguo ya ndani inayobana.

Saratani ya shingo ya kizazi ikiwa imeenda mbali inatoa majimaji na harufu. Mama anaanza kujitenga, hataki kukaa na wageni, anafungua madirisha kila saa, anajipulizia pafyumu, na hatakwambia. Wewe utaijua. Usikunje uso, hata kidogo, ukikunja uso siku moja hatakuruhusu tena kumsaidia. Mwambie kwa sauti ya kawaida kwamba hii ina dawa, maana kweli inayo. Metronidazoli, wengi tunaiita flajili, inapunguza hiyo harufu sana kwa sababu inaua vijidudu vinavyoileta, na kwa kidonda cha nje kama cha titi vidonge vinasagwa unga laini unanyunyizwa kwenye kidonda safi kila unapobadilisha bandeji. Kwa majimaji ya ukeni daktari ataelekeza itumikeje. Kidonda safisha kwa maji yaliyochemshwa yenye chumvi ya kubana kwa vidole viwili kwa kila glasi, na bandeji iliyoganda usiing'oe, iloweshe kwanza na hayo maji mpaka iachie yenyewe. Kama kuvaa bandeji kunamuuma, mpe dawa yake ya maumivu nusu saa kabla. Pedi za dukani zikiwa ghali kata kanga kuukuu, fua, anika juani mpaka zikauke kabisa, piga pasi. Kama mkojo unavuja pakaa vaselini au krimu ya zinki pembeni ili ngozi isichubuke (wakati wa mionzi uliza kwanza), na tandika plastiki chini ya shuka.

Baada ya mionzi ya nyonga hedhi inakata, joto la ghafla linakuja hata kwa mwanamke wa miaka 35, na uke unakauka na kubana. Hapa ndoa nyingi zinapata mtihani na hakuna anaesema kitu. Nesi anaweza kuwapa kifaa cha kuzuia njia isizibe na akaelekeza kinavyotumika, na jeli ya kulainisha ipo madukani. Waulize lini wanaweza kurudiana. Na mume aingie chumba cha daktari, asiachwe nje kwenye gari, ajue kwamba haambukizwi saratani na wala hajakataliwa.

Wenye VVU, uwezekano wao wa kupata saratani hii ni kama mara 6 ya wasio na VVU, ndo maana mtawakuta wengi hapo. ARV zisiachwe hata siku moja, na daktari wa saratani azijue kwa majina.

Kwa aliyetolewa titi na tezi za kwapani, mkono wa upande huo unaweza kuvimba hata miaka baadae. Afundishwe mazoezi kabla ya kuruhusiwa, upande huo asichomwe sindano wala kupimwa presha kama mkono mwingine upo, asibebe ndoo nzito, na akiona mkono unaanza kubana pete au bangili arudi kliniki.

Hatua ya 7: Moyo wake, na ukweli

Ndugu wengi wanamfuata daktari pembeni wanamwambia usimwambie. Nawaelewa, ni upendo. Lakini mtu anaona mabango ya saratani kila ukuta, anaona wenzie, anajua. Anachobaki nacho ni upweke, kwa sababu nae anaanza kuwaficha nyie kwamba anajua. Muulize tu: mama, ungependa kuelezwa kila kitu au tukusikilizie sisi? Atakachosema kifuate. Wengine kweli hawataki, nao waheshimiwe.

Acha kumwambia "usilie, kuwa jasiri". Akae alie. Kaa nae. Anaweza akakuuliza nimemkosea nini Mungu, huna haja ya kuwa na jibu. Padri, mchungaji, shekhe aitwe kama anamtaka, ila yule anaekuja kumwambia aache dawa kwa imani mzuieni mlangoni kwa adabu. Kama wiki mbili zimepita hataki kula, hataki kuongea, halali, anasema bora nife, hiyo iandike kwenye daftari kama unavyoandika homa na umwambie daktari, ni ugonjwa unaotibika, na akiongelea kujidhuru asiachwe peke yake na umpeleke siku hiyohiyo.

Watoto wadogo nao waelezwe kwa maneno yao, mama anaumwa, dawa zitamtoa nywele, sio kosa lako.

Hatua ya 8: Gaweni zamu

Mara nyingi anaachiwa binti mmoja ambae hajaolewa, eti yeye hana majukumu. Hiyo sio haki. Tengenezeni ratiba: nani kliniki, nani usiku, nani kufua, nani hela. Walioko Muscat na Marekani watume hela, ndio, lakini pia wapige simu waongee na anaeuguza, sio kutoa amri tu kwenye grupu. Anaeuguza apate siku nzima ya kutoka kila wiki, alale, asuke nywele, akamuone mtu wake. Akianza kuwa mkali kwa mgonjwa amechoka huyo, mpokeeni.

Hatua ya 9: Tiba shufaa, iulizeni mapema

Tiba shufaa ni huduma ya kupunguza mateso ya mwili na ya moyo kwa mgonjwa na familia, na inaweza kwenda sambamba na kemo tangu siku ya kwanza. Ocean Road wanayo. Hospitali ya Selian Arusha na Muheza kule Tanga zimefanya kazi hii kwa miaka mingi, mpaka kuwafuata wagonjwa majumbani. Kenya kuna Nairobi Hospice tangu 1990 na Coast Hospice pale Mombasa. Uganda, Hospice Africa ilianza 1993 na mofini yao ya maji ndo imekuwa mfano kwa nchi nyingi za Afrika.

Daktari akisema tiba ya kuponya imefika mwisho, msikubali kurudishwa nyumbani mikono mitupu. Ombeni barua ya rufaa kwenda hospitali iliyo karibu na kwenu, ikiwa imeandikwa dozi ya mofini na dawa ya choo, na kabla hamjapanda basi pigeni simu huko muulize mofini ipo, maana sio kila hospitali ya wilaya inayo kila siku, na kama haipo mwambieni daktari awape ya kutosha mpaka mtakapoipata. Pia muulizeni mgonjwa anataka kukaa wapi, na mambo ya shamba, nyumba na watoto anataka yaende vipi, muulize akiwa bado ana nguvu ya kukaa na kuongea.

Akianza kukataa chakula siku zile za mwisho msimlazimishe, mwili unakuwa hauhitaji tena, na kumlisha kwa nguvu kunaweza kumpalia. Lowesha midomo kwa pamba na maji, mgeuze ubavu kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgongo, na dawa ya maumivu isikatishwe kwa sababu tu hawezi kumeza vizuri, mpigie nesi wa tiba shufaa akuelekeze namna nyingine ya kuitoa.